Nilisema Simjui



Hivi karibuni nilialikwa Embu kuwapa darsa akina mama wa msikiti mmoja wa huko. Somo lilikuwa haki za jirani. Baada ya swala ya Alasiri, wenzake walipokwisha kutawanyika, mama mmoja alibaki nyuma, ameketi kando ya mlango na mjukuu wake mapajani. Ni mtu wa makamo, mwenye mkahawa wa chai, mahamri na wali karibu na kituo cha magari. Akaniambia, "Sheikh, mimi nina deni, na mwenyewe sijui aliko."

Nilidhani ni deni la dukani au la chama. Haikuwa hivyo. Kwa miezi minane alikuwa na msichana wa kazi kutoka Ethiopia, Muoromo, Muislamu mwenzetu. Aliletwa na dalali mmoja aliyemwahidi kazi ya duka Nairobi, kisha akamshusha Embu, akachukua hati zake, na akachukua mshahara wake wa miezi mitatu ya mwanzo kuwa nauli. Msichana aliosha vyombo, akakanda unga alfajiri, akalala katika stoo nyuma ya jiko. Hata siku ile ilipofika, alikuwa anadai mishahara ya miezi miwili.

Siku hiyo maafisa waliingia asubuhi kwa milango yote miwili, wa mbele na wa uani. Kila aliyekuwamo akatakiwa kutoa kitambulisho. Kijana mmoja Mborana wa Marsabit, raia mzaliwa wa nchi hii, alikuwa amekiacha chake nyumbani. Akapakiwa garini pamoja na wengine, akarudi jioni baada ya ami yake kuzunguka na kitambulisho mkononi. Afisa akamgeukia mwenye mkahawa, akamwonyesha yule msichana: huyu ni mfanyakazi wako?

"Nikasema simjui, ni mteja tu," mama akaniambia. "Naye amevaa aproni yangu, Sheikh. Akanitazama, hakusema neno."

Msichana alifikishwa mahakamani, akahukumiwa, na baada ya wiki kadhaa akarejeshwa mpakani. Yule mama alikuwa na maswali mawili. La kwanza: je, deni lile lipo, ilhali watu wamemwambia kwamba asiye na kibali hana mkataba, na asiye na mkataba hana madai? La pili hakulitamka kwa ulimi. Lilikuwa machoni mwake.

Nimemwomba idhini nilisimulie jambo hili bila ya kumtaja, naye ameniruhusu. Sababu yangu ni kwamba nyumba nyingi za wasomaji wetu, Mombasa, Malindi na Lamu, zina msichana au kijana kama yule. Tukisikia msako wa wahamiaji mahali pa kazi tunafikiria viwanda na majengo ya ghorofa. Tunasahau kwamba jiko nalo ni mahali pa kazi, na kwamba mwajiri wa humo aghalabu ni mwanamke.

Asiyeijua Meru na Embu huenda akashangaa mgeni wa Ethiopia amefikaje huko. Barabara ya lami kutoka Moyale hupita Marsabit hadi Isiolo. Kutoka hapo iko njia inayozunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, ikapita Meru, Chuka na Embu hadi Nairobi. Ndiyo njia ya ng'ombe, ya miraa, ya maharagwe, na pia ya vijana wanaokimbia njaa na vita. Wengi wao nia yao ni kufika mbali, hata Afrika Kusini. Wengine huishiwa na nauli njiani, wakashuka na kutafuta kibarua: mashambani, migahawani, majumbani. Kwa hiyo ukaguzi katika njia ile ni jambo la kawaida, na habari za wageni waliokamatwa zimekuwa haziwashangazi wenyeji.

Nataka niseme wazi jambo moja kabla sijaendelea, nisije nikafahamika vibaya. Dola ina haki ya kujua nani ameingia katika mipaka yake. Viza na kibali ni ahadi, na Muislamu hutakiwa kutimiza masharti aliyoyakubali. Afisa anayetekeleza kazi yake kwa uadilifu ana ujira kwa Mola wake. Suala letu leo ni namna: mlango unaingiwa vipi, aliyekamatwa anatendewa vipi, na mwajiri anasema nini anapoulizwa.

Wanazuoni wa akhlaki wamesimulia kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah zimfikie. Usiku mmoja akizunguka mitaa ya Madina, alisikia sauti ya nyimbo nyumbani kwa mtu. Akapanda ukuta, akamkuta mwenye nyumba na pombe mbele yake. Umar akamkemea. Yule mtu akamjibu Amiri wa Waumini kwamba, ikiwa yeye ameasi kwa jambo moja, Umar ameasi kwa mambo matatu: amepeleleza, na Mwenyezi Mungu amekataza kupeleleza, ameuacha mlango akapita ukutani, na ameingia bila ya kuomba idhini wala kutoa salamu. Umar hakumwita mjeuri. Alikiri, akamsamehe, akatoka. Mwenye kutaka asili ya hoja zile tatu azitafute katika Surat Al-Hujurat, Al-Baqara na An-Nur.

Tazameni insafu iliyomo. Kosa la mwenye nyumba halikugeuka kuwa halali, lakini halikumpa mtawala ruhusa ya kuvunja sheria ili kulifichua. Hayo ndiyo mawakili wa leo husema mahakamani katika kesi za misako, ijapokuwa hutumia maneno mengine.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeligusa jambo hili kwa neno dogo ambalo wengi hulipita: kila mtu. Ziko haki ambazo Katiba imewapa raia peke yao, kama kupiga kura na kupata pasipoti. Lakini haki za aliyekamatwa, katika Ibara ya 49, si za raia pekee. Aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuonana na wakili. Afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zimeishia nje ya wakati wa kazi. Ibara ya 31 yamlinda kila mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake ovyo. Ibara ya 50 yampa mshtakiwa asiyefahamu lugha ya mahakama mkalimani bila ya malipo. Na agizo la kumleta mtu mbele ya jaji ili ijulikane kwa nini anazuiliwa ni katika haki chache ambazo Ibara ya 25 imesema haziwezi kupunguzwa kabisa.

Kwa upande wa pili, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ni kali. Kuwapo nchini bila ya idhini ni kosa, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumwajiri mgeni aliyeingia kinyume cha sheria au asiye na ruhusa ya kufanya kazi. Kwa hiyo mwenye mkahawa wetu hakuogopa bure. Msako ulipoingia, palikuwa na wawili wa kuulizwa, si mmoja.

Lakini iko sheria nyingine ambayo hakuijua, na laiti angaliijua. Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Watu, ya 2010, inasema kwamba mhanga wa biashara hiyo hashtakiwi kwa kosa la kuwapo Kenya bila ya idhini. Mhanga si kila aliyevushwa mpaka kwa siri. Ni yule aliyechukuliwa kwa hila, vitisho au nguvu ili anyonywe. Mtu aliyeahidiwa kazi moja akapewa nyingine, akanyang'anywa hati, na mshahara wake ukaliwa na dalali, ana dalili zote za kustahili kuulizwa habari zake kwa kirefu kabla ya kuhukumiwa. Nani angaliweza kuieleza mahakama hayo? Msichana hakujua Kiswahili cha kutosha. Aliyeyajua yote alikuwa mwajiri wake, naye alikwisha kusema hamjui.

Je, mahakama husikiliza? Tutazame historia ya karibuni. Mnamo Desemba 2012 serikali ilitoa agizo kwamba wakimbizi wote waishio mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Shirika la Kituo Cha Sheria pamoja na wakimbizi kadhaa walikwenda Mahakama Kuu. Miongoni mwa wakimbizi walioathirika walikuwamo wenye biashara na ajira zao, na watoto waliokuwa shuleni. Tarehe 26 Julai 2013, Jaji David Majanja alilifuta agizo lile kwa kuwa lilikiuka heshima ya utu na uhuru wa watu wale, na serikali haikuonyesha uhusiano kati ya kuwahamisha wote na usalama iliokuwa ikiutafuta. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu hiyo.

Lakini tusijidanganye kwamba njia hiyo ni nyepesi. Katikati ya kesi ile na rufaa yake ukaja Aprili 2014, na Operesheni Usalama Watch. Wasomaji wengi wanakumbuka maelfu ya watu waliochukuliwa Eastleigh na kwingineko, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa. Walikuwamo wageni na walikuwamo raia. Safari hiyo ombi lililopelekwa Mahakama Kuu kupinga agizo jipya la kuwarudisha wakimbizi kambini lilikataliwa. Jaji alikuwa yuleyule. Mwezi Februari 2015 upepo ukageuka tena: Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha sheria mpya ya usalama kilichotaka wakimbizi na waomba hifadhi nchini wasizidi 150,000.

Hata katika nchi zenye mahakama kongwe mambo ni hayohayo. Marekani, Juni 2025, maafisa wa uhamiaji walivamia sehemu za kazi katika jiji la Los Angeles, zikiwamo ghala za nguo na maeneo wanapokusanyika vibarua. Mwezi Julai jaji mmoja alikataza watu kusimamishwa kwa sababu tu ya rangi yao, lugha yao, mahali walipo au kazi wanayofanya. Mwezi Septemba Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasimamisha katazo hilo. Funzo ni kwamba haki ya mnyonge hupatikana kwa kudaiwa, hucheleweshwa, na wakati mwingine hukosekana hapa duniani. Ndiyo sababu hatuwezi kuwaachia majaji peke yao. Ushahidi wa mtu mmoja mkweli, saa ile ya kwanza, waweza kuwa na thamani kuliko rufaa ya miaka 4.

Watu wa Meru na Embu wanayo sababu ya pekee ya kulielewa hili. Tarehe 24 Aprili 1954, zama za Hali ya Hatari, jeshi la Mwingereza liliuzingira mji wa Nairobi likaanza kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru, mtaa kwa mtaa. Operesheni hiyo iliitwa Anvil. Walikuwa wapishi, makarani, vibarua wa reli, wachuuzi. Kosa la wengi wao lilikuwa kabila lililoandikwa katika kipande. Walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia usoni, ambao kwa kutikisa kichwa tu waliamua nani aende kizuizini.

Wengi waliletwa huku kwetu. Manyani na Mackinnon Road, ambazo basi la Nairobi huzipita kila siku, zilikuwa kambi zao. Wengine walifungwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Na Hola, Tana River, Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo. Kesi za wazee waliosalimika zilifika London baada ya nusu karne. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kesi nyingine kubwa iliyofuata ilitupwa mwaka 2018. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Na sisi wa Pwani tuna kumbukumbu yetu. Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge waliishi Kwale kwa vizazi bila ya vitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari hadi Nairobi kudai haki yao, na baada ya hapo wakatambuliwa kuwa raia. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Kabla ya siku hizo, mvuvi wa Kipemba alikuwa jirani yetu, mkwe wetu, mwenzetu wa safu ya swala, na bado katika karatasi alikuwa mgeni. Nani kati yetu atasema hakumjua?

Kisha iko Bara Arabu. Binti zetu, na binti za Meru na Embu pia, wako Riyadh, Jeddah na Doha katika kazi za majumbani. Tunajua mfumo wa kafala: kibali cha msichana hushikwa na mwajiri wake. Akitoroka mateso, mwajiri humripoti kuwa amekimbia kazi, na tangu hapo anaishi kinyume cha sheria, akikamatwa katika msako kama mhalifu. Kila mzazi mwenye mtoto huko huomba dua moja: asimamiwe na mtu mwenye huruma, aseme kweli kwa niaba yake. Dua hiyo ndiyo anayoiomba mama mmoja Muoromo, juu ya binti aliyekuwa Embu.

Basi yatupasa tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kumwajiri mgeni, ulizeni. Ana hati gani? Nani amemleta? Hati zake ziko mikononi mwa nani? Dalali anayetaka alipwe mshahara wa mtu mwingine msimpokee, hata akileta mfanyakazi kwa bei ya chini. Urahisi wa bei hiyo umetoka katika jasho la mtu. Aliyekimbia vita ana njia ya kuomba hifadhi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021, nayo yakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Mwelekezeni huko, na mapema.

Pili, mfanyakazi alipwe kila mwezi ukiisha, asilimbikiziwe. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Tatu, maafisa wakija, waulizeni kwa adabu majina yao, kitambulisho cha kazi, na idhini ya upekuzi. Msiwazuie kwa nguvu, msikimbie, msitoe hongo. Andikeni saa, idadi ya magari, na kituo watu wanakopelekwa. Aliye raia ndugu zake wafuate na kitambulisho chake upesi. Aliye mgeni atafutiwe wakili na mkalimani; ziko asasi za msaada wa sheria, na mahakama ina wajibu wa kumpa mkalimani. Akiwa na mtoto, lisemeni hilo mapema, kwani Katiba yataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zote zimeshindikana. Na hukumu ikitolewa kwa haraka, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuitisha jalada la mahakama ya chini na kulikagua.

Nne, na ndilo zito: mkiulizwa, semeni kweli. Mna haki ya kuonana na wakili kwanza, na mna haki ya kunyamaza mpaka afike. Kunyamaza kungoja wakili ni jambo moja. Kumkana mtu aliyekula chakula chenu na mkala jasho lake ni jambo jingine.

Nikarejea kwa yule mama. Nikamwambia: deni lipo. Serikali yaweza kuhukumu kuhusu kibali. Saa alizosimama yule msichana kwenye sinki lako hazikufutwa na hukumu hiyo. Ni haki ya mja, na haki ya mja haisamehewi ila na mwenyewe. Mtafute. Waulize Waoromo walioko Embu, Meru na Isiolo. Mtu hana kwao bure. Ukimpata, mtumie mishahara ile miwili, na umwombe radhi kwa neno lako. Usipompata baada ya juhudi ya kweli, itoe sadaka kwa niaba yake, ukiweka nia kwamba siku akitokea, akitaka mali yake, utamlipa.

Aliniuliza kwa sauti ndogo kama sadaka hiyo itafuta na lile neno. Nikamwambia sina mamlaka ya kulifuta. Toba ina masharti yake, na katika masharti hayo ni kurekebisha ulichoharibu kwa kadiri ya uwezo wako. Nikamshauri aonane na wakili, aeleze yote aliyoyajua kuhusu yule dalali, maana huenda wako wasichana wengine mikononi mwake hivi sasa. Aliogopa. Nami nisingeweza kumwambia kwamba hakuna la kuogopa, kwa kuwa sheria yamgusa na yeye.

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama alimpa mjukuu wake mkono, wakaondoka. Siku tisa baadaye alinipigia simu. Mwanamke mmoja wa Isiolo anaijua familia ya msichana, upande wa pili wa mpaka wa Moyale. Namba ya simu imepatikana, lakini hajaipiga. Aliniomba nimwombee dua apate nguvu ya kuanza na salamu.

Nami nawaomba nyote mmuombee, kisha kila mmoja aangalie jikoni kwake. Wabillahi tawfiq.